Ulinyamazisha tovuti, si kichupo: jibu kwa dada wa saiba ya Kondele

Swali: Mwalimu, habari za kazi? Mimi nimeajiriwa kwenye saiba, duka la huduma za intaneti, hapa Kondele, Kisumu. Kompyuta ya kaunta ndiyo ya kila kitu: iTax ya kodi, eCitizen ya huduma za serikali, WhatsApp ya wateja wanaotuma vitu vya kuprinti, na muziki wa bosi. Ikifika saa nne asubuhi vichupo (tabs) vimejaa hata majina hayasomeki. Juzi mama mmoja alikuwa akinisomea nambari ya kitambulisho, mara tangazo la kamari likaanza kupiga kelele, nisijue linatoka wapi. Katika kupapasa nikafunga kichupo, kumbe ndicho chenye fomu yake ya pasipoti. Halafu kuna jambo lingine: wiki iliyopita nilinyamazisha kichupo kimoja cha YouTube, na tangu siku hiyo YouTube yote imekuwa bubu, hata nikizima kompyuta na kuiwasha. Nifanyeje? Na kuna vitufe vya mkato vya kunyamazisha? Tunatumia Chrome, Windows 10.

Jibu: Nzuri, dada. Tuanze na YouTube, maana ukishaielewa hiyo utajua pa kushika kwenye mengine.

Hukunyamazisha kichupo. Kwenye Chrome, tangu toleo la 64 la Januari 2018, ukibofya kichupo kwa kitufe cha kulia cha kipanya unaletewa chaguo lililoandikwa "Mute site", na hicho ndicho hasa kinachofanyika: tovuti nzima inanyimwa sauti. Kabla ya hapo agizo lilikihusu kichupo kile kile tu, na ukikifunga limekwisha. Siku hizi Chrome inaliandika kwenye mipangilio yake: YouTube isitoe sauti katika profaili hii, yaani sehemu ya mtumiaji huyu ndani ya Chrome, iwe kichupo kimoja au kumi, leo au mwezi ujao. Kuzima kompyuta na kuiwasha hakulifuti, kama ulivyojionea.

Kulifuta ni rahisi. Fungua YouTube, bofya kichupo chake kwa kitufe cha kulia tena, na pale pale utapata chaguo la kurudisha sauti. Ukitaka kuona orodha yote ya tovuti zilizonyamazishwa kwenye mashine hiyo, andika chrome://settings/content/sound kwenye sehemu ya anwani ubonyeze Enter. Usishangae ukikuta nyingine ambazo hukumbuki. Kaunta ni ya watu wengi na kila aliyewahi kukaa hapo ameacha lake.

Ikiwa umeifuta na YouTube bado iko kimya, basi kuna koki nyingine iliyofungwa njiani. Sauti hupita kwenye koki kadhaa kabla ya kukufikia: kuna ya kicheza video chenyewe, kuna ya Chrome kwa tovuti, kuna ya Windows kwa programu nzima, halafu kuna kitufe cha spika iliyo mezani. Yoyote ikifungwa, hupati kitu. Anzia ndani kuja nje. Kwenye YouTube herufi m ya kibodi hufunga na kufungua sauti ya video, na ni rahisi kuigusa bila kujua. Kwa Windows, bofya alama ya spika iliyo chini kulia kwa kitufe cha kulia, ufungue ubao wa sauti unaoonyesha kila programu na kipimo chake, utazame kama Chrome imeshushwa. Ubao huo unaitazama Chrome kama kitu kimoja, haujui vichupo, kwa hiyo ukiifunga hapo umefunga yote.

Sasa tangazo la kamari. Kichupo kinachotoa sauti huwa na alama ndogo ya spika, lakini vichupo vikishabanana kama unavyosema, kuitafuta alama hiyo mbele ya mteja ni kujitia aibu bure. Bonyeza Ctrl, Shift na A kwa pamoja. Chrome itakufungulia orodha ya vichupo vyote vya madirisha yote, majina yakiwa marefu na yanayosomeka, na vile vinavyocheza sauti au video vikiwa vimewekwa katika fungu lake. Bofya ukifikie. Hata kama dirisha lenyewe ulikuwa umelishusha chini, bado litatokea kwenye orodha. Ikiwa hakuna kitu hapo na kelele bado ipo, basi haitoki kwenye profaili hiyo. Tazama kama kuna dirisha la profaili nyingine, kivinjari kingine, au programu ya kawaida tu, na ule ubao wa sauti wa Windows utakuonyesha ni ipi inayochezesha mistari ya kijani.

Hiyo ni dawa ya kelele ikishaanza. Kwa kaunta kama yako mimi nisingeishia hapo. Rudi kwenye ukurasa ule ule wa chrome://settings/content/sound. Juu kabisa kuna chaguo mbili: tovuti ziruhusiwe kutoa sauti, au zisiruhusiwe. Chagua zisiruhusiwe. Halafu shuka kwenye orodha ya zinazoruhusiwa, uongeze chache unazozihitaji: web.whatsapp.com, ili usikie mlio mteja anapotuma hati ya kuprinti, na www.youtube.com kwa ajili ya bosi. Basi. Kuanzia hapo tovuti ya habari, tangazo la kamari, mahubiri yanayojianzisha yenyewe, vyote vitafungua mdomo visisikike, na hutakuwa na haja ya kuwinda chochote. Watu wengi walikasirika Google ilipobadilisha unyamazishaji kutoka kichupo kwenda tovuti, na anayesikiliza video mbili za tovuti moja ana haki ya kukasirika. Kwa mtu wa kaunta mabadiliko yale yalikuwa mazuri, ila yatumike kwa mtindo huu wa kuwafungia wote na kuwafungulia wachache. Kunyamazisha tovuti moja moja kila inapokuudhi hakuna mwisho.

Labda unajiuliza kwa nini kompyuta ya kaunta ina kelele kuliko zile za wateja ilhali zote ni Chrome. Kuna sababu. Tangu toleo la 66, Aprili 2018, Chrome huzuia video zinazojianzisha zenyewe kwa sauti, lakini ina vigezo vya kulegeza. Ukibofya popote ndani ya ukurasa, inahesabu kwamba umeukubali. Tena inaweka alama kwa kila tovuti: ukitazama video kwa zaidi ya sekunde 7, sauti ikiwa wazi na kichupo kikiwa mbele yako, tovuti hiyo inaongezewa alama, na zikitosha inaruhusiwa kujianzisha bila kukuuliza. Kompyuta ya kaunta ndiyo inayofunguliwa habari na mpira siku nzima, kwa hiyo imefundishwa na nyinyi wenyewe kwamba tovuti hizo zinapendwa. Ukitaka kuziona alama hizo, andika chrome://media-engagement.

Tuje kwenye fomu ya yule mama, ambayo ndiyo hasara ya kweli katika barua yako. Ukifunga kichupo kwa bahati mbaya, usibonyeze kitu kingine: Ctrl, Shift na T kwa pamoja hukirudisha. Ukiendelea kubonyeza, vinarudi kimoja kimoja kwa mpangilio wa kinyume, cha mwisho kufungwa kikitangulia. Kinachorudi kwa uhakika ni ukurasa. Maandishi uliyokuwa umeyajaza mara nyingine yanarudi, mara nyingine hayarudi, inategemea tovuti ilivyojengwa. Ikiwa fomu ilikuwa imefika kwenye malipo, usiharakishe kupakia upya ukurasa wala kutuma tena. Mwambie mteja atazame kwanza simu yake kama ujumbe wa M-Pesa umeingia, kisha ndipo ugeukie kompyuta. Kwa iTax, ile nambari ya malipo iitwayo PRN ikishatoka, iandike kwenye karatasi au uiprinti papo hapo, maana kwa nambari hiyo malipo yanafanyika hata kichupo kikiwa kimekufa.

Lakini nina swali ambalo hukuniuliza. Unapokuwa na vichupo vyote hivyo, wateja wawili wa eCitizen unawahudumia vipi kwa wakati mmoja? Kama wote wako kwenye dirisha la kawaida la Chrome, hapo pana hatari kubwa kuliko kelele. Kivinjari hakimtambui mteja kwa kichupo. Kinamtambua kwa vidakuzi, vile vijifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha ili ikumbuke ni nani ameingia, na vidakuzi ni vya profaili nzima. Mama yuko kichupo cha kwanza katikati ya fomu ya pasipoti. Anakuja kijana na haraka zake, unamfungulia kichupo cha pili na kumwingiza kwa akaunti yake. Kuanzia hapo tovuti inaweza kuvichukulia vichupo vyote viwili kuwa vya kijana. Ukirudi kwa mama na kubonyeza kuendelea, ama unatupwa nje, ama unaendelea ndani ya akaunti ya mtu mwingine bila kujua. Jina juu ya ukurasa bado litakuwa la mama, kwa kuwa ukurasa ulipakiwa zamani. Kwenye iTax mwishoni mwa Juni, siku zile za foleni hadi nje kabla ya tarehe 30, jambo kama hili ndilo linalomfanya mtu apelekewe ritani ya kodi isiyo yake.

Wengi hukimbilia dirisha fiche (Incognito) wakidhani kila moja linajitegemea. Sivyo. Madirisha fiche yote yaliyo wazi kwa wakati mmoja hushiriki vidakuzi, na havifutwi mpaka ufunge la mwisho. Wateja wawili kwenye madirisha fiche mawili ni sawa na wateja wawili kwenye dirisha moja.

Kwa hiyo panga hivi. Profaili ya kaunta iwe ya kazi za duka tu: WhatsApp, barua pepe ya saiba, YouTube ya bosi. Vichupo hivyo vya kudumu vibandike, yaani bofya kwa kitufe cha kulia na uchague kukibandika. Vitajikunja kuwa vidogo mwanzo wa mstari, na alama ya kuvifunga itaondoka, kwa hiyo kidole kikiteleza havifungiki kwa urahisi. Mteja anayekuja kwa jambo lake mfungulie dirisha la mgeni: bofya picha ya profaili iliyo juu kulia na uchague mgeni (Guest). Akimaliza, funga madirisha yote ya mgeni, na kuingia kwake kote kunafutika. Mafaili aliyopakua hayafutiki, yanabaki kwenye folda ya Downloads, na hapo ndipo saiba nyingi zinapojaa vyeti vya PIN na nakala za vitambulisho vya watu wa mtaa mzima. Zifute kila jioni. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na saiba haikuachwa nje ya sheria hiyo kwa sababu ni ndogo.

Ukiwa na wateja wawili kwa mpigo, mmoja awe kwenye dirisha la mgeni na wa pili kwenye dirisha fiche, hao hawatagongana. Wakizidi hapo, mimi ningeweka Firefox pembeni pamoja na kiongezi cha Mozilla chenyewe kiitwacho Multi-Account Containers. Kinakuruhusu kuwa na vichupo vya rangi tofauti ndani ya dirisha moja, kila rangi na vidakuzi vyake: kijani ni mama, buluu ni kijana, na iTax haiwezi kuwachanganya. Kwa saiba yenye kompyuta moja ya kaunta sijaona kitu kinachokishinda. Ila kumbuka kutoka kwenye akaunti ya kila mteja akimaliza, kwa sababu rangi hizo hukumbuka. Hazijifuti zenyewe kama dirisha la mgeni.

Kuna jambo la stima. Ikipotea, na hapo Kondele sina haja ya kukueleza, Chrome ikiwaka tena hukuuliza kama irudishe kurasa za awali. Kwenye profaili ya kaunta kubali. Dirisha la mgeni na dirisha fiche havirudi, vimekwenda na giza. Ndiyo gharama ya usiri huo, na ndiyo maana fomu ndefu unaiandaa kwanza: mwambie mteja akuandikie majina ya wazazi, tarehe na nambari zote kwenye karatasi kabla hujagusa kibodi. Usijaribu kulikwepa hilo kwa kuiweka Chrome iendelee daima ilipoishia. Mpangilio ule hurudisha hata kuingia kwa watu kwenye akaunti zao ambako kungepaswa kufa kivinjari kinapofungwa, na kesho asubuhi mteja wa kwanza atakuta akaunti ya mteja wa jana imemkodolea macho.

Wingi wa vichupo wenyewe haunitishi sana. Kama mashine ni ya gigabaiti 4 za RAM na inakokota miguu, bonyeza Shift na Esc ukiwa ndani ya Chrome, utaona kila kichupo kinakula kiasi gani, umalize kile kikubwa. Kwenye mipangilio ya utendaji kuna pia kiokoa kumbukumbu, ambacho hulaza vichupo usivyovigusa na kuviamsha ukivirudia. Hakilazi kichupo kinachotoa sauti wala chenye fomu iliyojazwa nusu, kwa hiyo kiwashe bila wasiwasi. Ila kulala kwa kichupo na kutolewa na iTax kwa sababu umekaa kimya muda mrefu ni mambo mawili tofauti. La pili linaamuliwa na seva yao, na hakuna mpangilio wa Chrome utakaolizuia.

Na kama umewahi kuona vijisanduku vikiruka pembeni mwa skrini vikisema kompyuta ina virusi au umeshinda pesa, hata vichupo vyote vikiwa vimefungwa, hizo ni arifa ambazo mtu fulani aliziruhusu kwa kubofya "Allow" ili jambo limwondokee machoni. Nenda chrome://settings/content/notifications, ondoa usizozijua, na uziambie tovuti zote zisiombe tena. WhatsApp pekee ndiyo ibaki.

Vitufe vya mkato. Chrome haina vya kunyamazisha kichupo. Firefox na Edge zote zinavyo: Ctrl na M, ukiwa kwenye kichupo chenyewe. Na kwenye Firefox unyamazishaji huo ni wa kichupo kweli, kama ulivyotaka mwanzoni. YouTube moja inanyamaza, nyingine inaendelea. Ukiwa na vichupo kadhaa vya kunyamazisha kwa mkupuo, Chrome na Firefox zote zinakubali ushikilie Ctrl, uvibofye kimoja kimoja, kisha utoe agizo moja kwa kitufe cha kulia. Kile kitufe cha kibodi chenye picha ya spika iliyokatwa huzima Windows nzima, na mlio wa WhatsApp ukiwemo. Ukikibonyeza mteja akiwa mbele yako, kibonyeze tena akishaondoka, la sivyo hati za kuprinti zitaingia hadi saa ya kufunga na wewe husikii.